Kupima Ardhi, Kupima Udongo: Istilahi za Uchunguzi wa Kiwanja cha Kituo cha Mafuta

Yapo maneno ambayo mfasiri huyachukua bila kusita kwa sababu yamekwisha kuzoeleka, kumbe kuzoeleka kwenyewe ndiko kunakoleta utata. Makala haya yanakusudia kueleza maneno machache ya namna hiyo. Maneno hayo hutumika pale kiwanja kilichokuwa na kituo cha mafuta kinapotakiwa kujengwa kitu kingine, kwa mfano duka, zahanati au nyumba za kupanga. Kabla ya ujenzi huo kuanza, wataalamu huchunguza kama petroli au dizeli ilivuja kutoka katika matangi yaliyofukiwa, imefika wapi, na kama imeingia katika maji yaliyo chini ya ardhi. Taarifa yao husomwa na ofisa wa ardhi, ofisa wa afya, mwenye kiwanja, na wakati mwingine hakimu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, haitoshi tena taarifa kama hiyo kubaki katika lugha ya kigeni.

Mwandishi wa makala haya alipata kuliona tangazo lililobandikwa kwenye ua wa kituo kimoja kilichofungwa. Lilisema kuwa siku fulani kungefanyika «tathmini na upimaji wa ardhi». Maneno hayo yote ni sahihi katika kamusi. Siku ilipofika, majirani walikuja na hati zao za viwanja mikononi, na mmoja alikwisha kupanda minazi sita nyuma ya nyumba yake. Hawakuwa wajinga. Katika Tanzania ya leo, mtu akisikia «tathmini ya ardhi» huelewa kuwa mthamini anakuja kukadiria fidia, na akisikia «upimaji wa ardhi» huelewa kuwa mpima anakuja kuweka mawe ya mipaka. Wachunguzi walikuwa na swali moja tu kwa majirani: ni nani mwenye kisima karibu na hapa? Katika mkutano ule uliojaa mazungumzo ya fidia, swali hilo halikupata nafasi. Kisima kilikuwapo, hatua chache nyuma ya ua, na kaya kadhaa zilikuwa zikichota maji humo. Kilijulikana baadaye sana.

Wengine, kwa kuepa utata huo, husema «kupima udongo». Neno hili nalo lina mwenyewe. Mkulima na bwana shamba wamekwisha kulimiliki: kupima udongo ni kutaka kujua kama shamba lahitaji mbolea au chokaa. Hapa si suala la jina tu, kwa maana kila jina huja na desturi zake za kazi. Anayepima udongo wa shamba huchukua udongo kidogo kutoka sehemu nyingi, akauchanganya pamoja, kisha akauanika ukauke. Anayetafuta petroli akifanya hivyo amejipotezea ushahidi. Petroli hugeuka mvuke upesi, na udongo ulioanikwa juani utaonekana safi hata kama ulitolewa chini ya tangi lililotoboka. Tena, udongo wa mahali pamoja ukichanganywa na wa pengine, mahali palipochafuka sana hufichwa na palipo safi. Hivyo kila sampuli hapa hutiwa katika chombo chake, hufungwa barabara papo hapo, huwekwa katika barafu na kupelekwa maabara pasipo kukawia. Mkufunzi aliyetafsiriwa kitini chenye kichwa «Jinsi ya Kupima Udongo» ana haki ya kufuata desturi aliyofundishwa chuoni, nayo itamponza.

Kwa sababu hizo twapendekeza neno uchunguzi, na jina zima liwe «uchunguzi wa hali ya udongo na maji ya ardhini». Ni refu, twakiri. Lakini urefu wake waeleza mambo matatu ambayo majina mafupi yameyaficha: kwamba kinachotafutwa ni hali na si thamani, kwamba udongo na maji huangaliwa pamoja, na kwamba kazi haihusu mipaka ya kiwanja.

Uchunguzi huo una hatua mbili. Ya kwanza haihitaji jembe wala keekee. Mchunguzi husoma ramani na picha za zamani, huuliza mamlaka zilizotoa vibali, hukagua daftari za mafuta yaliyoingia na yaliyouzwa, na huwatafuta watu waliofanya kazi pale. Mzee aliyekuwa akipima mafuta tangini kwa ufito kila asubuhi atakumbuka lile tangi ambalo hesabu yake haikukubali kamwe kulingana. Atakumbuka pia mahali palipokuwa na matangi ya kwanza, kabla kituo hakijapanuliwa. Mara nyingi matangi ya zamani yalikuwa ya chuma chenye ukuta mmoja, nayo hushikwa na kutu; hata hivyo mabomba na viungo vyake navyo huvuja, na mafuta mengine humwagika wakati wa kujaza. Katika hatua hii yafaa kutumia jina la mitaani pia. Watu wengi wa Tanzania huita kituo chochote cha mafuta sheli, hata kama kampuni iliyokimiliki ilikuwa nyingine kabisa. Mchunguzi anayeuliza «kituo cha mafuta» atajibiwa, lakini anayeuliza «ile sheli ya zamani» atasimuliwa.

Hatua ya pili ni ya kuchimba. Wengine wameiita «uchunguzi wa kina», na hapa twaomba tahadhari. Kina ni undani wa jambo, na pia ni umbali wa kwenda chini. Msomaji wa taarifa ya visima atakutana na «uchunguzi wa kina», «kina cha kisima» na «kina cha maji» katika ukurasa mmoja. Afadhali hatua hiyo iitwe «uchunguzi wa kuchimba», watu wakajua mara moja kinachofanyika.

Kuhusu «kina cha maji» hatuna budi kukaa kidogo, kwani ndipo penye kosa kubwa kupita yote. Mvuvi akisema kina cha maji ni mita 4, ana maana kwamba kutoka juu ya maji hadi chini ni mita 4. Mchimba visima akisema hivyo hivyo, mara nyingi ana maana kwamba kutoka juu ya ardhi hadi kuyafikia maji ni mita 4. La kwanza lataja wingi wa maji, la pili lataja umbali wake. Maana hizi mbili hazigongani baharini, bali kisimani zagongana kila siku.

Tazama namna kosa hilo linavyoweza kumpeleka mtu upande usio wake. Ili kujua maji ya ardhini yanaelekea wapi, huchimbwa visima vyembamba visivyopungua vitatu, visivyo katika mstari mmoja. Tuvipe majina A, B na C. Mdomo wa bomba la kisima A uko mita 12.00 juu ya usawa wa bahari, wa B mita 11.50, na wa C mita 12.40. Uzi wa kupimia ukishushwa, maji ya A hukutwa mita 4.20 chini ya mdomo, ya B mita 4.00, na ya C mita 4.50. Anayesoma vipimo hivi vya mwisho peke yake ataona kwamba maji ya B yako karibu zaidi na juu, na atafikiri kwamba ndiyo yaliyo juu na kwamba yatiririka kuelekea C. Lakini ondoa kila kipimo katika kimo cha mdomo wake: A ni mita 7.80, B ni mita 7.50, na C ni mita 7.90. Maji yaliyo juu ni ya C, nayo yashuka kuelekea B. Ikiwa kisima cha jirani kiko upande wa B, basi ndicho kilicho katika hatari. Na tafsiri iliyochanganya vipimo hivi viwili ingemwambia jirani alale usingizi.

Kwa hiyo yapasa pawe na majina mawili yasiyofanana. Kipimo cha kushuka kutoka mdomoni hadi kwenye maji kiitwe umbali wa maji. Kimo cha maji hayo kikilinganishwa na usawa wa bahari, au na alama moja iliyokubaliwa, kiitwe usawa wa maji. Neno kina libaki kwa kisima chenyewe.

Jina la tabaka linalobeba maji nalo limetutaabisha. Katika vitabu vingine vya jiografia hutajwa «mwamba wenye maji», na katika nchi za mawe jina hilo latosha. Lakini twende Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya mji huo imekaa juu ya mchanga na udongo wa pwani. Chini ya mchanga wa juu wenye maji kuna mahali penye tabaka la mfinyanzi, na chini ya mfinyanzi huo mna mchanga mwingine wenye maji. Mji hutegemea zaidi maji ya Mto Ruvu, lakini baada ya ukame wa mwaka 1997 visima vingi vilichimbwa, vya umma na vya watu binafsi, na watu wengi huvitegemea hadi leo. Ukimwambia mwenye kisima kwamba mafuta «yameingia katika mwamba» atakucheka, kwa kuwa hajawahi kuona mwamba tangu azaliwe Temeke. Tabaka la maji ni jina linalofaa mchanga na jiwe sawasawa. Lile lililo juu yake, ambalo lina unyevu bila kujaa maji, lisiitwe «tabaka kavu», kwa sababu si kavu, na mafuta hukaa humo miaka mingi yakishikamana na chembe za udongo. Tuliite tabaka lisilojaa.

Neno mchanga lenyewe lataka uangalifu. Katika mazungumzo ya pwani, mchanga huweza kuwa udongo wowote. Katika kumbukumbu ya uchimbaji, mchanga ni mchanga tu: chembe kubwa, maji na mafuta hupita kwa wepesi. Mfinyanzi huyapitisha polepole mno. Tena kuna kifusi, neno zuri la mafundi ujenzi ambalo wafasiri wameliacha bila sababu. Shimo la tangi hujazwa kifusi cha mchanga. Na pale udongo wa asili ni mfinyanzi, shimo hilo huwa kama bakuli. Mafuta yakivuja hukaa bakulini pamoja na maji ya mvua. Mchunguzi aliyechimba mita 3 nje ya bakuli atapata udongo usio na harufu, na taarifa iliyoandika «udongo» mahali pa kifusi na mahali pa mfinyanzi bila kutofautisha haitamwonyesha msomaji kwa nini.

Sasa kuhusu mafuta yenyewe. Kiswahili kina neno moja kwa petroli, dizeli, mafuta ya taa, ya kupikia na ya kujipaka. Jikoni hakuna atakayekosea, lakini katika taarifa ya maabara neno hilo peke yake halifai: lazima litajwe kwa jina lake, kwa kuwa petroli na dizeli hazina tabia moja. Petroli ni nyepesi, hupanda kama mvuke na ina sehemu ziyeyukazo majini. Dizeli ni nzito zaidi na hubaki udongoni kwa muda mrefu.

Hapo msomaji atasema: mafuta na maji hayachanganyiki, kila mtoto ajua hivyo. Ni kweli kwa sehemu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikifika kwenye usawa wa maji huelea juu yake. Hayo tuyaite mafuta yaeleayo. Lakini ndani ya petroli mna viungo vichache ambavyo huyeyuka majini kwa kiasi kidogo, na kiasi hicho kidogo ndicho chenye madhara. Cha kwanza ni benzini, ambayo huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Petroli yenye benzini asilimia moja, ikigusana na maji, yaweza kuyaachia zaidi ya miligramu 10 kwa lita, yaani zaidi ya mara 1,000 ya kikomo hicho. Maji hayo yaweza kuwa meupe kabisa, hayana utando wala rangi. Msomaji aangalie vipimo: mikrogramu ni sehemu ya elfu ya miligramu. Tumeona tafsiri ambamo vipimo hivyo viwili vyote viliandikwa «mg», bila shaka kwa kuwa alama ya kwanza haikuwamo katika mashine ya mpiga chapa. Yapasa maneno hayo yaandikwe kwa urefu, hata kama jedwali litajaa.

Jina benzini halina kosa kwa msomaji wa Dodoma au Nairobi. Lakini katika Kiarabu neno linalofanana nalo ni petroli yenyewe, na Waswahili wa Omani na nchi za Ghuba hulitumia hivyo. Kwao «maji yenye benzini» ni maji yaliyomwagiwa petroli. Katika maandishi yatakayovuka mipaka, yafaa kutanguliza maelezo mafupi: benzini, kiungo kimojawapo cha petroli. Kongo nako petroli huitwa esansi, kutokana na Kifaransa, lakini jina hilo halimdanganyi mtu.

Utata mwingine wa namna hiyo uko katika risasi. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuachwa. Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliiacha mwaka 2021. Hivyo kituo kilichofunguliwa miaka ya sitini chapasa kuchunguzwa risasi katika udongo wake. Mwanafunzi mmoja aliyesoma kwamba «risasi zilipatikana kiwanjani» aliuliza palipiganwa vita gani. Andika madini ya risasi, na katika umoja daima.

Benzini iliyoyeyuka haikai mahali pamoja. Hufuatana na maji, ikienea kutoka chini ya tangi kuelekea yaendako maji, nyembamba na ndefu. Umbo hilo limeitwa na wengine «wingu la uchafuzi». Wingu liko juu, hupita na kutawanyika. Jambo hili liko chini, limefungamana na chanzo chake na lina upande mmoja tu wa kwenda. Twapendekeza mkia wa uchafuzi, kama tunavyosema nyotamkia. Kichwa chake ni chanzo, na urefu wake hupimwa kwa visima. Santa Monica, katika jimbo la California, Marekani, walijua mwaka 1996 urefu wa mkia kama huo unavyoweza kuwa. Kiungo kijulikanacho kwa kifupi kama MTBE, kilichokuwa kikitiwa katika petroli na ambacho huyeyuka majini kuliko benzini, kilifika katika visima vya mji. Visima vilifungwa, na mji ukapoteza karibu nusu ya maji yake.

Si kila mkia huendelea kukua. Bakteria waliomo udongoni hula benzini, hasa penye hewa ya kutosha, na mara nyingine mkia husimama au hufupika. Jambo hili limetafsiriwa «udongo kujisafisha», maneno yanayompendeza sana mwenye kiwanja. Lakini kinachotokea ni kupungua, nako hakuna budi kuthibitishwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Upungufu wa kiasili hueleza jambo lenyewe bila kuahidi mwisho wake.

Tumebakiwa na maneno mawili ambayo hutumika katika ukurasa wa mwisho wa taarifa, nao ndio usomwao na wakubwa. La kwanza ni hatari. Kwa Kiswahili petroli ni hatari, na pia kuna hatari ya petroli kuingia kisimani. Mambo hayo si mamoja. La kwanza ni tabia ya kitu, la pili ni uwezekano wa kitu hicho kumfikia mtu. Benzini iliyo mita 6 chini ya sakafu ya zege, mahali pasipo na kisima, haikuacha kuwa hatari. Lakini uwezekano wake wa kudhuru ni mdogo, isipokuwa mvuke umepata nyufa za kupandia. Kwa hiyo mchunguzi hutafuta vitu vitatu: chanzo, njia na mpokeaji. Kikikosekana kimoja, hakuna madhara. Tuseme hatari kwa tabia ya kitu, na uwezekano wa madhara kwa hilo la pili, na tusibadilishane.

La pili ni dogo zaidi. Kila chombo cha maabara kina kiwango ambacho chini yake hakiwezi kuona kitu. Hicho tukiite kikomo cha utambuzi. Maabara isipoona benzini huandika alama ya kuonyesha kuwa kiasi kilikuwa chini ya kikomo hicho. Mfasiri aliyechoka huandika «hakuna». Sasa kama kikomo cha utambuzi cha chombo hicho ni mikrogramu 50 kwa lita, na kikomo cha maji ya kunywa ni mikrogramu 10, basi maji yaweza kuwa na mikrogramu 40, mara nne ya inayoruhusiwa, na tafsiri imesema hakuna. Ofisa atapiga muhuri, na ndoo zitaendelea kushuka kisimani. Sentensi inayofaa ni hii: «Benzini haikutambuliwa, kikomo cha utambuzi kilikuwa mikrogramu 50 kwa lita.» Ofisa akisoma hivyo atauliza kwa nini hakikutumika chombo kingine.